Marehemu Dk. Reginald Mengi na Biashara ya Kusema

(Mazungumzo yaliyotolewa ukumbini siku ya maadhimisho ya hekalu letu)



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya maisha ya mfanyabiashara mmoja wa nchi hii. Bila shaka wengi walitegemea tungemchagua mmoja wa wazee wetu waliovuka bahari kutoka Gujarat, wakapanda nyanda hizi na mabunda ya vitambaa, wakafungua maduka Iringa na Mbeya. Wazee hao tunawaenzi, na vitabu vya kumbukumbu vilivyotangulia vimejaa picha zao. Safari hii tumemchagua Mchaga wa Machame, marehemu Dk. Reginald Abraham Mengi, mwenye kituo cha televisheni cha ITV. Tumesikia minong'ono kwamba huyu si wa kwetu, na kwamba yapo aliyoyasema ambayo baadhi yetu hawajayasahau. Ni kweli yapo, na tutayafikia. Tunaomba subira.

Kwanza vijana wafahamu nchi ilivyokuwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara hapakuwa na kituo hata kimoja. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi iliyokuwa bado inachimba visima na kujenga madarasa, na kwa hesabu za wakati ule huwezi kusema alikosea. Sauti ya nchi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Magazeti yalifika kwetu kwa basi, yakiwa yamepanda Kitonga pamoja na abiria na vikapu vyao, na aliyekuwa Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, alizoea kusoma leo mambo ya jana.

Hata hivyo runinga zenyewe zilikuwamo majumbani kwa baadhi yetu, zikitumika kuonyesha kanda za video. Wenye umri wetu wanakumbuka mfululizo wa Ramayan wa Ramanand Sagar, ulioanza kuonyeshwa na Doordarshan huko India mwaka 1987. Ulitufikia kwa kanda, zikazunguka nyumba kwa nyumba hadi picha zikaanza kukwaruza. Majirani wasiojua neno la Kihindi walikaa nasi sebuleni wakamtambua Hanuman kabla hatujawatajia jina. Kwa hiyo kioo tulikuwa nacho. Kilichokosekana ni mtu wa nchi hii wa kusema ndani yake juu ya mambo ya nchi hii.

Reginald Mengi alizaliwa Machame, chini ya Kilimanjaro, katika familia ambayo yeye mwenyewe hakuchoka kueleza kwamba ilikuwa maskini. Alisoma Old Moshi, akaenda Uingereza, akasomea uhasibu Glasgow, akafuzu kuwa mhasibu wa ngazi ya juu. Mwaka 1971 alirudi nyumbani. Aliajiriwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers and Lybrand, akapanda hadi kuiongoza hapa Tanzania, na hapo alikaa mpaka mwaka 1989.

Hapa sisi watu wa biashara tusipite haraka. Mkaguzi wa hesabu huona ndani ya vitabu vya kila mtu. Anajua nani anapata faida na kwa njia gani, nani anajidanganya, bidhaa gani inatoka na ipi inaoza ghalani. Mengi alifanya kazi hiyo katika miaka ambayo maduka yalikuwa matupu, sabuni ikipatikana kwa foleni na kalamu ya wino ikiwa kitu cha kutafutwa. Akiwa bado mwajiriwa alianza kuunganisha kalamu nyumbani kwake, akileta vipande na kuvipachika kimoja kimoja. Wazee wetu wangemwelewa mara moja. Mtu aliyekwisha kuwa na cheo, gari na heshima ya ofisi, jioni anakaa mezani kuhesabu vifuniko vya kalamu! Huyo ana damu ya duka, awe ametoka Machame au Jamnagar.

Kutoka kalamu alikwenda kwenye sabuni, na soda za Bonite kule Moshi, na maji ya chupa yaliyopewa jina la mlima wake. Kundi la kampuni hizo likaitwa IPP. Kama angeishia hapo, angekuwa tajiri kama matajiri wengine, na leo tusingekuwa tunamzungumza.

Mwaka 1992 nchi ikarudi kwenye mfumo wa vyama vingi, na mwaka 1993 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, iliyoruhusu watu binafsi kuanzisha redio na televisheni. Mwaka uliofuata, 1994, vituo vya kwanza vya watu binafsi vikaanza kuonekana Dar es Salaam, ITV kikiwa kimojawapo, pamoja na Radio One, na magazeti ya The Guardian na Nipashe kutoka nyumba hiyohiyo. Serikali yenyewe ilikuja kuanzisha Televisheni ya Taifa miaka kadhaa baadaye. Yaani huku Bara mfanyabiashara alitangulia, dola ikafuata. Jambo hilo halijatokea mara nyingi katika historia ya nchi yetu.

Sasa turuhusuni tuifungue hesabu, kwa kuwa tumeketi na wenye maduka. Duka huuza sukari, mnunuzi akalipa, akaondoka na sukari. Televisheni humpa mtazamaji habari na michezo ya kuigiza bila kumdai senti. Anayelipa ni mwenye sabuni, anayetaka sabuni yake ionekane katikati ya habari. Kwa maana hiyo bidhaa ya kituo ni macho ya watazamaji, na macho hayaji mahali yasipoaminishwa. Gharama nazo hazisubiri: mitambo inanunuliwa kwa fedha za kigeni, minara inasimama juu ya vilima vyenye barabara mbovu, na katika miaka ile ya mgao wa umeme jenereta ilikunywa mafuta usiku na mchana. Mwaka 1994 watu waliokuwa na runinga walikuwa wachache mno. Mhasibu yeyote angemshauri Mengi aongeze mashine nyingine ya soda. Naye alikuwa mhasibu!

Wapo wanaosema alifanya hivyo ili atangaze soda na sabuni zake bila gharama. Maelezo hayo yana ukweli kidogo. Kituo kiliuza jina la soda, soda ikasaidia kulipa mishahara ya kituo, gazeti likatangaza kipindi, mfuko wa kulia ukiulipa wa kushoto. Ni akili nzuri ya biashara. Lakini aliyetaka matangazo peke yake angenunua matangazo, nayo ni rahisi kuliko kununua mnara. Sisi tunaamini alitaka jambo jingine: alitaka mfanyabiashara awe na sauti katika nchi hii, aonekane na asikike, asibaki mtu wa kuitwa siku ya harambee na kusahauliwa kesho yake.

Hapo ndipo njia yake na njia yetu zilipoachana. Tazameni mambo ya watu wetu wa asili ya Kihindi, wa dini zote. Tumejenga shule, zahanati, nyumba za wageni, kumbi na mahekalu. Tumejenga, tumeweka kibao cha marumaru chenye majina, tumerudi kaunta. Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam, ambao Bunge la nchi hii lilikutania kwa miaka mingi, ni zawadi ya familia ya wafanyabiashara iliyotoka India. Ndani ya ukumbi ule wamesema watu wengi maneno makubwa. Familia iliyoutoa haikujulikana kwa hotuba. Desturi yetu ni kutoa jengo na kunyamaza. Mengi alitoa jengo lenye kinywa.

Kwetu nyanda za juu kinywa hicho kilichelewa kufika. Mawimbi hayapandi milima kwa urahisi, na Mungu ametujalia milima mingi. Walioweza walinunua madishi makubwa kama karai la kuchanganyia zege, wakayapanda juu ya mabati, na jioni mtoto akatumwa darini kuyageuza huku baba akipiga kelele kutoka sebuleni: "Kidogo! Kidogo! Hapo hapo!" Huduma ilipotengemaa, jambo moja lilibadilika kabisa. Saa mbili usiku Iringa, Makambako na Mbeya waliona habari ileile, dakika ileile, aliyoiona mtu wa Dar es Salaam. Hotelini chai iliagizwa na kuachwa ipoe. Wateja wetu walianza kutuuliza dukani juu ya bei ya mafuta duniani na bajeti ya Waziri, na ilitupasa tuwe na jibu.

Mwaka 2012 ukaja uhamaji wa digitali. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya zamani usiku wa kuamkia mwaka 2013, na Mbeya ikafuata mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Neno king'amuzi likaingia kila nyumba, na aliyeshindwa kukinunua akabaki na kioo cheusi. Chama cha Wamiliki wa Vyombo vya Habari, ambacho Mengi alikuwa mwenyekiti wake, kililalamika kwamba watazamaji wanapotea. Alilalamika kama mwenye biashara, naam. Lakini bibi wa kijijini aliyepoteza taarifa yake ya habari hakujali ni nani mwenye faida. Mengi mwenyewe wakati huo alikwisha kuwa na vituo vingine, East Africa Television kikiwamo, ambacho vijana wetu walikipenda kwa muziki kuliko sisi tulivyopenda waupende.

Tumefika sasa kwenye lile tuliloahidi.

Mengi alikuwa miongoni mwa waliosema waziwazi kwamba uchumi wa nchi uwe mikononi mwa wazawa. Katika miaka ya 1990 neno uzawa lilijadiliwa kwa ukali, na sisi ambao babu zetu wamechomwa moto wa mazishi katika ardhi hii tuliuliza kimoyomoyo kama tunahesabiwa. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 2009, Mengi aliita waandishi wa habari akawataja kwa majina wafanyabiashara watano aliodai kuwa ni mafisadi papa. Maneno hayo yalirushwa na kituo chake mwenyewe. Wote watano walikuwa wa asili ya Asia.

Majina yao hatutayataja hapa. Zilikuwa tuhuma, hukumu hutolewa mahakamani. Mmoja wao alimjibu kwamba kama wao ni papa, basi Mengi ni nyangumi. Mwingine alimfungulia kesi. Serikali nayo ilimkosoa hadharani kwa namna alivyotumia chombo chake. Nchi nzima ilizungumza, na katika miji midogo kama yetu, ambako kila mtu anamjua mwenye duka kwa jina la utani, mazungumzo hayo yaliingia mpaka mlangoni.

Ndugu zetu, tangu hapo baadhi ya watu wa jumuiya hii hawakutaka kumsikia Mengi. Sisi tunaona wamepima nusu ya mzani. Nusu yao ni ya haki: mwenye kituo cha televisheni akisimama mbele ya kamera zake akawa mshitaki, na mhariri ni mwajiriwa wake, na aliyeshitakiwa hana kamera, hapo hakuna usawa. Imani ya watazamaji, ile tuliyosema ndiyo bidhaa yenyewe, inatumika kama rungu. Kosa hilo ni kosa hata kama kila neno lililosemwa lingekuwa kweli, na lingekuwa kosa vilevile kama watano wale wangekuwa Wachaga.

Nusu ya pili ni hii. Fedha za umma zilikuwa zinaibwa kweli katika miaka ile, na mwananchi alikuwa na haki ya kuuliza. Aliyekuwa na jibu alihitaji mahali pa kulisemea. Je, sisi wenye asili ya Asia tulikuwa na mahali gani? Tulikuwa na kumbi za harusi. Hasira ya mtu asiye na kinywa humwelekea mwenye kinywa, lakini kinywa hakikuibwa kwetu. Sheria ya mwaka 1993 ilikuwa ya wote. Leseni ilikuwa ya kuombwa na yeyote, na mitaji ilikuwapo hata katika jumuiya zetu.

Na huyohuyo Mengi aliyewakasirisha baadhi yetu, ndiye aliyekuwa akiwaandalia watu wenye ulemavu chakula cha pamoja kila mwaka katika ukumbi wa Diamond Jubilee, akila nao meza moja, na kituo chake kikionyesha. Wengine walisema anajionyesha. Labda. Ila kabla ya hapo walemavu wale hawakuonyeshwa na mtu. Alipofariki Dubai, usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2019, mwili wake uliletwa nyumbani na kuagwa katika viwanja vya Karimjee, vilevile tulivyovitaja, kabla ya kwenda kuzikwa Machame. Walemavu walikuwapo, wakilia bila kujificha. Mwenye jengo lenye kinywa aliagwa kwenye jengo la walionyamaza. Tuliitazama shughuli ile kwenye runinga, ndani ya duka, mlango ukiwa nusu.

Tungeweza kukomea hapo, lakini tutakuwa tumezungumza juu ya tajiri mmoja tu, na televisheni haiendeshwi na tajiri peke yake. Mwenye kituo hukaa Mikocheni. Kamera hubebwa na mtu mwingine, mwenye mshahara mdogo, anayepanda pikipiki kwenda vijijini.

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, hapa mkoani Iringa, Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Alikuwa mwakilishi wa kituo cha Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Alikwenda kuripoti shughuli ya chama cha siasa, polisi wakaingilia, akauawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu mno, mikononi mwa askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwangosi alizikwa kwao Rungwe, mkoani Mbeya. Iringa ilimpoteza, Mbeya ikamzika. Leo muungano wa klabu za waandishi nchini una tuzo yenye jina lake.

Tunamtaja kwa sababu anakamilisha hesabu tuliyoianza. Tulisema bidhaa ya televisheni ni macho ya watazamaji, na macho huvutwa na imani. Imani hiyo haitengenezwi studio. Inatengenezwa na mtu aliyesimama Nyololo, aliyeona kwa macho yake. Mwenye kituo huweza kuitumia vizuri au vibaya, kama Mengi alivyofanya yote mawili, lakini haizalishi yeye.

Sasa tuna ombi kwa kamati, na tunaliweka mbele ya majirani ili lisije likasahaulika kwenye faili. Katika bajeti ya maadhimisho kuna fungu la marumaru mpya ya baraza. Marumaru iliyopo bado inang'aa. Sisi tumeikagua asubuhi hii tukiwa pekupeku. Tunapendekeza nusu ya fungu hilo igharimie masomo ya kijana mmoja wa Iringa au Mbeya anayesomea uandishi wa habari. Kozi hiyo inafundishwa hapahapa, Chuo Kikuu cha Iringa. Asiulizwe kabila wala dini. Asitakiwe kuandika mazuri juu ya hekalu hili, na akimaliza akija kutuuliza kwa nini bei ya mabati imepanda, ajibiwe. Na jina la mfadhili lisiwekwe popote, kwa kuwa jambo hilo la kunyamaza ndilo tunalolijua vizuri.

Mchango wa kwanza tumekwisha kumkabidhi mweka hazina leo mchana, naye ametuandikia risiti. Wanaotaka kuongeza watamkuta karibu na meza ya prasad, upande wa kushoto wa mlango.